Waulize na walioacha kuja
Ukitaka kujua kama wanamichezo wa klabu ya mtaani wanaridhika, usiwapime waliopo mazoezini peke yao. Waliochoshwa walishaondoka, kwa hiyo alama za kuridhika zinaweza kupanda hata klabu ikidorora. Wapigie simu walioacha, uwaulize kilichowaondoa. Swali moja la jumla, "Umeridhika?", halitoshi, wengi hujibu ndiyo kwa adabu tu. Tenganisha mambo: kocha, ratiba, uwanja, ada, muda wa kucheza (hapo ndipo wanaosugua benchi hufunguka), na kila jambo lipewe alama kuanzia 0 hadi 10. Karatasi za majibu zisiwe na majina, na kocha asizikusanye yeye. Tena usiulize mara tu baada ya mechi, maana ushindi au kichapo cha siku hiyo hupotosha majibu.