Kudefendi risechi chuoni: acha kusoma slaidi, mwili utajipanga

Semista ya mwisho ikikaribia utaona watu wamejazana kwenye vimbweta na leptopu wanahangaika na rangi za slaidi, mara fonti hii, mara nembo ya chuo ikae juu au chini, halafu siku yenyewe ya kudefendi mtu anasimama mbele ya paneli, yaani wale walimu wanaomsikiliza na kumhoji, anawapa mgongo, anasoma ukutani kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Ukimuuliza kwa nini hakumwangalia mtu hata mmoja atakwambia ana aibu. Mi naona aibu inasingiziwa tu, shida ni kusoma. Mtu anayesoma macho yake yako kwenye maandishi, mikono haina kazi, na sauti inakuwa ile ya mtoto anayekariri shairi. Kwa hiyo naanza na slaidi kabla ya kufika kwenye mikono, maana huko ndo ugonjwa unaanzia.

Ukipewa dakika 10, slaidi nane mpaka kumi zinatosha kabisa, herufi zisishuke chini ya saizi 24, na usiweke sentensi nzima. Tuseme risechi yako inahusu bodaboda wa Ubungo na bima. Watu wengi watakopi aya nzima kutoka chapta ya nne wabandike pale. We weka hivi tu: "Bodaboda 120, wenye bima 31". Basi. Yale mengine, kwamba wengi wanasema hela ya bosi ya kila siku inamaliza kila kitu, hayo unayasema wewe mwenyewe kwa mdomo ukiwa umewageukia watu. Hapo huna cha kusoma hata ukitaka. Na paneli nao hawana cha kusoma, inabidi wakusikilize.

Mazoezi fanya umesimama na utoe sauti, kusoma kimya kimya kitandani hakuhesabiki. Weka simu juu ya meza ikurekodi video, kisha angalia mara mbili: ya kwanza zima sauti uangalie mwili tu, utajiona unavyoyumba au unavyojishika shingo, ya pili funga macho usikilize, utahesabu "yaani" na "eee" mpaka uchoke. Cha kukariri ni sentensi mbili za mwanzo na mbili za mwisho tu, kwa sababu mwanzoni ndo moyo unaenda mbio na mwishoni ndo watu wanamalizia kwa "ni hayo tu" wakiwa tayari wanarudi kukaa. Katikati ongea unavyomwelezea rumeti wako. Na kama prezentesheni ni ya Kiingereza na Kiingereza chako ni cha kuungaunga, usitafute misamiati mikubwa, sentensi fupi fupi zinakubeba vizuri sana.

Siku yenyewe fika mapema, weka faili kwenye flashi na kwenye imeili, tena na PDF yake pembeni maana PowerPoint ya kompyuta ya ukumbini inaweza kukuvurugia mpangilio wote. Printi kopi kadhaa pia, umeme ukikatika we unaendelea.

Kuanza sasa. Salimia mara moja, jina, mada, twende. Ile habari ya kutaja mwenyekiti wa paneli, madokta, wageni waalikwa, wanafunzi wenzangu, halafu mwishoni "itifaki imezingatiwa", waachie wanasiasa, kwenye dakika 10 hiyo inakula dakika nzima bure.

Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, uzito kwenye miguu yote miwili, ukiegemea mmoja utaanza kuyumba bila kujua. Mikono iache usawa wa tumbo iende yenyewe unapoelezea. Mfukoni hapana, mbele ya watu wazima wetu inaonekana dharau hata kama we unatafuta tu pa kuificha, na kuifunga kifuani unaonekana umenuna. Unapomwonyesha mtu, au unapomkaribisha lekchara aliyenyoosha mkono, tumia kiganja kilichofunguka, sio kidole. Peni ya kubofya iache kwenye begi, ile kelele inaudhi kuliko unavyodhani.

Macho ndo panapotusumbua wengi, sababu tumelelewa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, sasa unaambiwa umwangalie profesa usoni! Njia rahisi, mpe kila mtu sentensi moja. Unamalizia sentensi ukiwa kwake, unahamia kwa mwingine, na kama macho yanakushinda angalia katikati ya nyusi, yeye hatajua tofauti. Usimkimbie yule aliyekunja sura, mara nyingi ndo huyo huyo mwenye maswali, na anayetabasamu usimgande peke yake.

Hapa niseme kitu, maana kila semina ya uongeaji lazima mtu atakwambia maneno ni asilimia 7 tu, sauti 38, na mwili 55. Hizo namba zinatokana na mwanasaikolojia Albert Mehrabian, tafiti zake za 1967 huko Marekani, na zilihusu watu kukisia hisia za mtu kwa neno moja moja, sauti na picha za sura. Hakusema kwamba hoja zako zina thamani ya asilimia saba. Ukienda na mikono mizuri na data mbovu utafeli tu.

Sauti: kumbi zetu nyingi zina pangaboi linalounguruma, kwa hiyo ongea na mtu wa safu ya nyuma, na mwisho wa sentensi usiuzamishe. Nyamaza baada ya namba muhimu, sekunde mbili tatu, kwako itaonekana mwaka mzima ila kwao ni nafasi ya kuelewa. Na hoja zako zikae tatu. Nyerere mwaka 1978 alipotangaza vita na Idi Amin alisema nia, sababu na uwezo, na mpaka leo hata waliozaliwa juzi wanayajua hayo matatu. Risechi yako ikiwa na matokeo tisa, chagua matatu ya kusema, sita yako kwenye ripoti.

Kwenye maswali watu wanaharibu kwa mwili zaidi kuliko kwa majibu. Swali linaulizwa, mtu anatikisa kichwa kukataa kabla halijaisha, au anamgeukia supavaiza kama anaomba msaada. Acha mwulizaji amalize, andika swali kwenye karatasi, hiyo inakupa muda wa kufikiri na yeye anaona umemheshimu, halafu ulirudie kwa maneno yako ujue mmeelewana. Hujui? Sema sikuliangalia hilo, nitaliongeza, usianze kutunga, wale wamesoma hivo vitu miaka mingi. Na usijibu kila kitu kwa "asante kwa swali zuri", mara moja inatosha. Masahihisho wakiyataja yaandike yote na namba za kurasa, kabla hujatoka msomee katibu wa paneli aliyekuwa anaandika, maana hayo hayo ndo utadaiwa siku ya kukabidhi kopi ya mwisho.