Kombi ya zamani: rangi isubiri, kutu kwanza

Ukipata Kombi ya zamani, yaani basi dogo la Volkswagen, hapa Dodoma, pesa ya rangi iweke kando. Ingia chini na bisibisi, choma sakafu na mabati yaliyo chini ya milango. Bisibisi ikizama, hapo bati limekwisha, hata kama juu panang'aa. Kata mpaka ufikie chuma kizima.

Kiraka kiwe cha shiti ya chuma ya milimita 1. Waulize mafundi mageti, vipande vyao vinavyobaki huwa nafuu. Bati la paa likatae: ni jembamba mno, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi wa sumu. Mashine ya kuchomelea ya vijiti nayo hutoboa bati la bodi, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba. Apige nukta moja moja kwa kuruka pembe hadi pembe, maana mshono mrefu wa mfululizo hupindisha bati. Kabla ya hapo, toa betri na tangi la mafuta. Hili halina mjadala.

Piga praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Pati ya kusawazisha bodi isizidi unene wa milimita 3. Pati nene hupasuka, maji yakaingia na kutu ikarudi kimyakimya.

Rangi ipulizwe asubuhi mapema, kabla upepo wa kiangazi haujaamsha vumbi. Mwagia ardhi maji kwanza, pembeni tu, yasirukie bodi.