Jinsi ya Kubaini DNA ya Brakovirusi Iliyojichomeka Katika Jenomu ya Kiwavi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua kama DNA ya brakovirusi, yaani virusi ambavyo nyigu huviingiza mwilini mwa kiwavi pamoja na mayai yake imejichomeka katika kromosomu za kiwavi huyo, na ni mahali gani. Mfano wangu ni Cotesia typhae, nyigu wa Kenya ambaye zamani alihesabiwa kuwa spishi moja na Cotesia sesamiae, pamoja na mwenyeji wake Sesamia nonagrioides, mmoja wa funza wa mabua ya mahindi. Jozi hii imeelezwa kwa kina katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, kwa hiyo utakuwa na kipimo cha kulinganishia matokeo yako.

Hatua ya 1: Elewa unachokitafuta

Jeni zinazotengeneza chembe za brakovirusi, ambazo asili yake ni nudivirusi (kundi la virusi vya wadudu) vilivyomwambukiza babu wa nyigu hawa takriban miaka milioni 100 iliyopita, zimebaki katika jenomu (DNA yote) ya nyigu. Chembe hutengenezwa katika ovari ya nyigu jike, na ndani yake hupakiwa DNA za duara zenye jeni za kudhoofisha kinga ya kiwavi. Duara hizi haziwezi kujizalisha ndani ya kiwavi. Baadhi yake zina mfuatano uitwao HIM (host integration motif, yaani alama ya kujichomeka kwa mwenyeji), na ni hapo ambapo duara hukatika na kupoteza takriban jozi 50 za besi, kisha ncha mbili zinazobaki, J1 na J2, huungana na DNA ya kiwavi. Katika C. typhae vilitambuliwa vipande 27 vya virusi katika jenomu ya nyigu, ambavyo ndivyo hutoa duara hizo, na duara zote 16 zenye HIM zilikutwa zimejichomeka. Usichanganye HIM na mahali ambapo duara ilijifunga baada ya kukatwa kutoka katika jenomu ya nyigu, kwa maana kiungo cha pale ni cha virusi kwa virusi na hakithibitishi uchomekaji wowote.

Hatua ya 2: Andaa sampuli

Tumia viwavi waliodungwa na nyigu siku 7 zilizopita, na utenge tishu moja moja, kama vile seli za damu au mwili wa mafuta, badala ya kusaga kiwavi mzima. Lava wa nyigu huwa tayari wamo mwilini, na DNA yao ina nakala za virusi zilizomo katika jenomu ya nyigu mwenyewe. Chukua pia kiwavi wa ukoo uleule ambaye hakudungwa. Unapopeleka DNA kusomwa mfuatano wake, omba maandalizi yasiyotumia PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi maabarani), au yanayoitumia kwa uchache kadiri inavyowezekana, kwa sababu PCR yenyewe huunganisha vipande ambavyo havikuwahi kukutana ndani ya seli.

Hatua ya 3: Tafuta vipande chotara

Linganisha kila kipande kilichosomwa na jenomu ya kiwavi na mfuatano wa duara kwa kutumia BLASTN, programu ya kulinganisha mifuatano ya DNA. Hifadhi vile tu ambavyo upande mmoja unalingana na duara peke yake na upande mwingine unalingana na kiwavi peke yake, huku pande zote mbili zikikifunika kipande karibu chote. Kisha vipitishe vipande hivyo kwenye jenomu nzima ya nyigu. Hatua hii huonekana ya ziada, lakini uchomekaji kupitia HIM umewahi kutokea kwa bahati mbaya katika ukoo wa nyigu wenyewe angalau mara sita, na viungo hivyo vya kale vinaweza kukupotosha. Vipande vyenye mwanzo na mwisho uleule vihesabu kuwa kimoja.

Hatua ya 4: Pima kama viungo ni vya kweli

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Chora grafu ya mahali kila kiungo kinapoangukia kwenye duara. Uchomekaji wa kweli hujikusanya katika vilele viwili vyembamba, J1 na J2, huku upande wa kiwavi ukiwa umetawanyika katika kromosomu nyingi. Viungo bandia vya PCR hutawanyika pande zote mbili. Ukiona duara isiyo na HIM ina viungo vilivyosambaa, hiyo ndiyo picha ya kelele ya data yako, nawe uitumie kukadiria ni viungo vingapi ndani ya vilele vinaweza kuwa vya uongo.

Hatua ya 5: Kadiria wingi

Gawanya idadi ya viungo vya J1 kwa wastani wa mara ambazo jenomu ya kiwavi imesomwa. Rudia kwa J2, lakini usivijumlishe, kwa kuwa uchomekaji mmoja huacha viungo viwili. Utafiti wa 2021 ulipata matukio 12 hadi 85 kwa kila jenomu ya seti moja ya kromosomu. Makadirio yako yatakuwa ya chini kidogo, kwani kiungo kilicho karibu na ukingo wa kipande hakitambuliki.

Hatua ya 6: Tenganisha mapya na ya kurithi

Kiungo kipya kwa kawaida huonekana mara moja tu, kwa sababu kila seli imechomekwa mahali pake. Kiungo kinachojirudia katika tishu zote, na hasa kinachopatikana pia kwa kiwavi asiyedungwa, kiandike kando: hicho kilirithiwa. Mfuatano wa brakovirusi wa aina hiyo uliripotiwa mwaka 2015 katika jenomu ya kipepeo Danaus plexippus.