Nyumba ya mkononi mwa mwenyewe Mombasa: uliza haya kabla ya kutoa pesa

Majuzi nilimsindikiza mtoto wa ami yangu kutazama nyumba Kisauni. Vyumba sita, ukumbi katikati, uwa nyuma na kisima chake, na hakuna dalali wa kumlipa. Yeye tayari ashahesabu pesa. Nikamwambia ngoja kwanza.

Hatua ya 1: Muulize, "Mzee, wauza nyumba na ardhi yake, au nyumba peke yake?"

Mtu wa bara hulicheka swali hili. Lakini hapa kwetu, Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida: kuta na paa ni za mtu huyu, kiwanja ni cha yule, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi. Muuzaji si lazima awe mwongo. Nyumba ni yake kweli, alijenga babake. Ila asipoulizwa hasemi.

Mimi nilipokuwa natafuta yangu nilipewa bahasha nene. Mkataba wa zamani uliopigwa taipu, bili za maji, na kijitabu cha risiti kilichofungwa kwa mpira. Kuona karatasi nyingi hivyo, moyo ukatulia, nikalipa arbuni. Nilikuja kukifungua kijitabu nyumbani usiku: kila risiti imeandikwa "kodi ya kiwanja", na ya mwisho ina miaka minne. Wiki tatu nikazunguka kumtafuta mwenye ardhi. Kumbe ashafariki, na warithi wake saba hawaelewani. Arbuni nilirudishiwa nusu.

Nyumba bila ardhi si ya kukimbiwa, mradi bei iwe chini sana na ujue kuwa benki haitakukopesha, maana huna hati ya kuweka rehani. Nenda kwa mwenye ardhi mwenyewe. Akiwa na wakala, wakala atoe barua ya uwakala. Uliza malimbikizo ya kodi ni kiasi gani na nani atayalipa. Uliza anataka ngapi kubadilisha jina, na kama anaruhusu ghorofa, kwani wengi hawaruhusu. Ridhaa yake iwe ya maandishi, na jina lako liingie daftarini mwake siku hiyo hiyo ya malipo, ukiona kwa macho yako. Kiwanja kikiwa cha wakfu, kaulize kwenye Tume ya Wakfu kabla ya neno lolote lingine.

Hatua ya 2: Sachi, yaani kutazama rekodi za ardhi zasema nini. Ikiwa ana hati, chukua nambari ukafanye sachi mwenyewe kwa msajili wa ardhi. Ile aliyokuletea muuzaji usiipokee, hata ikiwa ya jana. Tazama jina, rehani, kizuizi cha kuuza, na kama ardhi ni ya kukodi, miaka iliyobaki.

Hatua ya 3: Jina kwenye hati likiwa la marehemu, usinunue kwa mtoto mkubwa eti ndiye msemaji wa familia. Taka hati ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama, na warithi wote watie sahihi, dada walioolewa mbali pia. Muuzaji akiwa hai, mwenziwe wa ndoa akubali kwa maandishi.

Hatua ya 4: Rudi jioni, keti barazani na majirani. Onja maji ya kisima. Tazama dari: zege ikibanduka na nondo zikiwa nyekundu, chumvi ishafanya kazi yake.

Hatua ya 5: Pesa. Wakili awe wako, si wa muuzaji, hata ukiambiwa "tutumie mmoja tupunguze gharama". Asilimia 10 ya mwanzo ikae kwenye akaunti ya wakili, si kwenye simu ya mtu. Mkataba uandikwe na usainiwe mbele ya mashahidi. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, ni wako. Kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu 2023, ni ya muuzaji; akitaka kukubebesha, iondoe kwenye bei.

Mtoto wa ami yangu bado yuko hatua ya 1. Mwenye ardhi yuko Lamu, anarudi baada ya Idi.