Uvimbe wa matiti kwa mbwa jike: kutoka kupapasa hadi kusoma majibu ya vipokezi

Nawaandikia wenzangu wa kliniki ndogo, hasa wanaotuma kinyama maabara na kuulizia vipokezi vya homoni (protini za seli ambazo homoni kama estrojeni na projesteroni hushikamana nazo) kabla hawajajua jibu watalifanyia nini.

Hatua ya 1. Mlaze mbwa chali, upapase matiti yote, kwa kawaida jozi tano. Kaa zaidi kwenye jozi mbili za nyuma, maana uvimbe mwingi hutokea huko. Pima kwa rula upate ngazi ya ukubwa (T): chini ya sm 3 ni T1, sm 3 hadi 5 ni T2, zaidi ya hapo T3. Papasa pia tezi za limfu za kwapani na kinenani. Kisha muulize mwenye mbwa swali linalorukwa sana: amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia joto? Dawa za jamii ya projesteroni hulifanya titi lenyewe litoe homoni ya ukuaji, na uvimbe hupata chakula hapo hapo.

Titi likiwa la moto, jekundu, limetuna na linauma, usikimbilie kisu. Huenda ni saratani ya aina ya uchochezi, ambayo upasuaji hauisaidii.

Hatua ya 2. Piga eksirei ya kifua pande tatu, uone kama saratani imefika mapafuni. Kunyonya seli kwa sindano nyembamba kutakusaidia kutambua uvimbe wa mafuta, lakini usikutegemee kutenganisha saratani na uvimbe wa kawaida.

Hatua ya 3. Hapa ndipo majibu mengi huharibikia. Kila uvimbe uende maabara kwenye chupa yake, umeandikwa titi lake, maana mbwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili tofauti. Tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa, sehemu kumi kwa moja ya nyama, na uvimbe mkubwa upasue ili dawa ipenye. Saa 24 hadi 48 zinatosha. Nyama iliyochelewa kuingia kwenye formalini, au iliyosahaulika humo kwa wiki kadhaa, inaweza kusomeka haina vipokezi wakati inavyo.

Hatua ya 4. Ripoti ikifika, soma kwanza aina na daraja la uvimbe (ukali wake, 1 hadi 3). Vipokezi vifuate. Maabara huvionyesha kwa rangi: inayohesabiwa ni ya kwenye kiini cha seli, na tishu ya titi yenye afya iliyo pembeni lazima nayo ishike rangi. Isiposhika, rudisha ripoti. Titi lenye afya na uvimbe usio saratani huwa na vipokezi vingi vya estrojeni na projesteroni. Kadiri saratani inavyokuwa kali ndivyo inavyovipoteza, kwa hiyo "hasi" (haina vipokezi) pamoja na daraja la 3 ni habari mbaya.

Hatua ya 5. Kutoa ovari. Jaribio la mtafiti Kristiansen na wenzake la 2016 halikuonyesha faida ya wazi kwa mbwa wote. Ilionekana kwa wenye daraja la 2, na kwa wenye vipokezi vya estrojeni ambao pia homoni hiyo ilikuwa juu kwenye damu. Ukifanya vyote siku moja, anza na tumbo ndipo uende kwenye titi, usije ukapeleka seli za saratani ndani.

Na tamoksifeni, dawa ya kuzuia vipokezi vya estrojeni? Kwa binadamu inafaa. Kwa mbwa huvimbisha uke na kuleta usaha kwenye mfuko wa uzazi. Mimi siiandiki.