Kumfundisha Punda Mchanga Anayegoma Kazi

Katika vijiji vya Igunga, Nzega na Uyui, mkoani Tabora, punda ndiye anayeleta maji kutoka lamboni, anayetoa mahindi shambani na anayefikisha magunia ya mpunga mashineni, na kwa sababu hiyo mtu anayerudi kutoka mnadani na punda mchanga hutaka kuona kazi ikifanyika kesho yake. Kumbe mnyama huyo pengine hajawahi kufungwa kamba wala kuguswa miguu, na siku anapotiwa kwenye mkokoteni hugoma, huuma, hurusha mateke au hulala chini pamoja na mzigo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumrekebisha kwa masomo mafupi ya kila siku, bila kipigo, mpaka aongozwe, abebe na avute.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Punda huvumilia maumivu kimya kimya, na mara nyingi ukorofi wake ndiyo dalili pekee ambayo mwenye mali ataiona. Pitisha kiganja polepole nyuma ya masikio, shingoni, mabegani na mgongoni kote. Mahali ambapo ngozi inashtuka au punda anageuza kichwa ghafla pana kidonda, uvimbe au mchubuko wa kamba ya zamani. Inua kila mguu, safisha kwato na utazame kama kuna kijiwe, mwiba au ufa. Punda anayekonda ingawa anakula, mwenye homa inayokuja na kuondoka, huenda ana nagana inayoenezwa na mbung'o. Ugonjwa huo huo ndio uliozuia farasi kustawi katika miombo ya Tabora, hata mizigo ya misafara ya karne ya 19 ikapita hapa mabegani mwa wapagazi. Punda huuhimili kuliko farasi, lakini hana kinga kamili, na mgonjwa hafundishiki. Mwite afisa mifugo wa kata kwanza.

Kagua umri pia. Meno ya mbele ya utu uzima hukamilika punda akikaribia miaka 5, na mifupa yake hukomaa taratibu vivyo hivyo. Kuongozwa kwa kamba anaweza kujifunza tangu akiwa mdogo kabisa, lakini mzigo mwepesi usubiri mpaka atimize miaka 3, na mkokoteni uliojaa usubiri zaidi. Dume anayepanda wenzake na kupigana ahasiwe na mtaalamu mwenye dawa ya ganzi, nawe usitarajie atulie siku ile ile, kwani tabia hizo huchukua wiki kadhaa kupungua.

Sasa tuangalie kwa nini punda hugoma, kwa maana hapo ndipo wengi tunapomkosea. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa husimama kwanza apime hatari, na kusimama huko ndiko tunakokuita ukaidi. Fimbo inayomwangukia wakati huo inamthibitishia kwamba mahali pale pana hatari kweli, na kesho atagoma mapema zaidi. Tunapenda kusema asante ya punda ni mateke, wakati mateke mengi hutokana na hofu ambayo sisi wenyewe tumeipanda.

Somo la kuongozwa ndilo msingi, na mimi ningependa mfugaji alipe muda mrefu kuliko masomo mengine yote. Mvishe hatamu laini ya kitambaa au kamba ya katani. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi. Simama ubavuni karibu na bega lake, si mbele ukimkodolea macho. Sema neno moja, kwa mfano "twende", kisha vuta kamba kidogo na uendelee kuishika hivyo hivyo, bila kuongeza nguvu na bila kulegeza. Atasimama, atainua kichwa, pengine atarudi nyuma. Nenda naye huku kamba ikiwa na mvuto ule ule. Tazama masikio. Yakiwa yamelala nyuma bado anakataa, lakini sikio moja likianza kukuelekea, anafikiri. Mara atahamisha uzito kwenda mbele, au ukwato mmoja utasogea nusu hatua. Legeza kamba papo hapo, mkune chini ya shingo, umwache apumue. Kulegeza huko ndiko kunakomfundisha, kwa sababu anaelewa kwamba hatua ya mbele ndiyo iliyoondoa mvuto. Ukichelewa kidogo tu, hatajua amesifiwa kwa lipi. Rudia mara chache, kisha umalizie somo akiwa amefanya vizuri, hata kama ni hatua tatu tu. Dakika 15 hadi 20 asubuhi kabla ya jua kali zinatosha, na afundishwe na mtu yule yule kwa maneno yale yale, kwa sababu nyumba ambayo kila mtoto ana amri yake humchanganya mnyama.

Kwa anayeuma, acha kumlisha mkononi. Weka pumba kwenye karai. Kwa anayepiga mateke, mzoeshe kuguswa miguu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, ukianzia begani na kushuka taratibu, na uondoe kitambaa pale tu anapotulia.

Akishaongozeka, mtandike gunia lililokunjwa, kisha shogi tupu, yaani mifuko ya mzigo inayoning'inia pande zote mbili za mgongo, kisha madumu yenye maji kidogo, yakilingana pande zote mbili. Hata punda mzima, ambaye kwa wengi wa kwetu huwa na uzito wa kilo 120 hadi 150, asibebeshwe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Madumu mawili ya lita 20 yanamtosha.

Kuvuta kunahitaji vifaa vyake. Nira ya ng'ombe isitumike kamwe, kwa kuwa ng'ombe ana nundu inayoizuia, na punda hana. Nira humkandamiza uti wa mgongo na kumchubua shingo. Punda huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa turubai lililokunjwa, ulio chini ya koo na juu ya kiungo cha bega, pamoja na mkanda wa nyuma ya mapaja unaozuia mkokoteni usimgonge kwenye mteremko. Kabla ya mkokoteni, mwache avute tairi kuukuu mchangani ili azoee kelele inayomfuata nyuma. Hapo mpange na punda mzee mtulivu kama unaye, kwa sababu punda hushikamana sana na mwenzake na hujifunza kwa kumtazama.

Msimu mzuri wa kuanza ni baada ya mavuno, kuanzia Mei, majani yakiwa bado yapo na udongo mweusi wa mbugani umekauka. Ukisubiri mvua za Novemba utamfundishia kwenye tope huku kazi ikikukimbiza. Mkokoteni uwe mtupu kwanza, kwenye njia za ndani ya kijiji. Honi za bodaboda, malori ya barabara ya Nzega na king'ora cha treni aanze kuvisikia kwa mbali akiwa hana mzigo, na kila siku umsogeze kidogo zaidi. Akisimama ghafla, simama naye, mwache atazame na anuse, kisha useme "twende" na ushike kamba kama ulivyofanya siku ya kwanza. Akigoma tena baada ya wiki kadhaa za kazi nzuri, mfungue mkokotenini kabla ya kumlazimisha, na uanze tena na kiganja: mabega, mgongo, kwato, halafu mshono wa mkanda wa kifuani.