Jinsi ya Kuchagua Seti ya Simfonia Tisa za Beethoven

Anayetafuta rekodi za simfonia zote tisa za Ludwig van Beethoven, zilizopigwa chini ya mwongozaji mmoja, atakuta seti nyingi mno. Tangu Felix Weingartner alipokamilisha rekodi za zote tisa katika miaka ya 1930, karibu kila mwongozaji mwenye jina amejaribu kufanya hivyo, na wapo waliorudia kazi hiyo mara mbili au tatu. Wanafunzi wangu wa muziki huniuliza ni seti ipi iliyo bora kuliko zote. Badala ya kuwatajia jina, huwaelekeza sehemu chache za kusikiliza, kwa maana seti haipimwi kwa yale mapigo manne ya mwanzo wa Simfonia ya Tano ambayo kila okestra huyapiga kwa bidii, bali kwa sehemu ambazo msikilizaji hakuzoea kuzitegea sikio.

Hatua ya kwanza: Amua kama unahitaji seti

Faida ya seti ni kumfuata mtunzi kuanzia Simfonia ya Kwanza, iliyosikika Vienna mwaka 1800, hadi ya Tisa ya mwaka 1824, huku okestra na mwongozaji wakibaki walewale, ili tofauti unazozisikia zitoke kwa Beethoven na si kwa wapigaji. Kama unachopenda ni ya Tano na ya Saba tu, seti haikufai. Carlos Kleiber hakuacha seti kamili, lakini rekodi zake za simfonia hizo mbili pamoja na Vienna Philharmonic, za miaka ya kati ya 1970, zimewashinda wengi waliorekodi zote tisa.

Hatua ya pili: Soma mwaka na mahali kabla ya kusikiliza

Jina lililo juu ya jalada halitoshi. Herbert von Karajan peke yake aliacha seti nne za sauti: moja na Philharmonia ya London katika miaka ya 1950, na tatu na Berlin Philharmonic. Ile inayosifiwa zaidi ilirekodiwa mwaka 1961 na 1962 katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Berlin, ikauzwa kuanzia mwaka 1963. Seti ya miaka ya 1980 ina okestra ileile na mwongozaji yuleyule, lakini sauti yake ni kavu na yenye makali. Anayebofya jina la Karajan bila kutazama mwaka anaweza kupata kitu tofauti kabisa na kile alichokisoma kikisifiwa.

Tazama pia kama seti ilikusudiwa kuwa seti. Zile zinazouzwa kwa jina la Wilhelm Furtwängler ziliunganishwa kutoka rekodi zilizokuwepo: ya Pili ilinaswa katika onyesho la London mwaka 1948, na sauti yake ni hafifu, ya Nane inatoka Stockholm mwaka uleule, kwa okestra nyingine, ya Tisa ni onyesho la Bayreuth la mwaka 1951. Hiyo ya Tisa ina uzito ambao sijausikia kwingine, lakini yeyote anayetaka okestra moja na sauti inayolingana asianze na Furtwängler. Arturo Toscanini, aliyerekodi na NBC Symphony kati ya mwaka 1949 na 1952, anapatikana kwa mono tu, yaani sauti isiyogawanyika kushoto na kulia.

Hatua ya tatu: Pima mwendo kwa saa yako

Hapa ndipo seti zinapogawanyika hasa. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha vipimo vya metronomu, kifaa cha kupimia mwendo wa muziki, vya simfonia zake nane za kwanza, na vya ya Tisa vikafuata baadaye. Kwa miaka mingi waongozaji wengi walivipuuza, wakisema ni vya kasi kupita kiasi au kwamba metronomu yake ilikuwa mbovu, mpaka katika miaka ya 1980 akina Roger Norrington walipoonyesha kwamba vinapigika.

Huhitaji metronomu. Katika sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tatu, iitwayo Eroica, mtunzi aliagiza kila kundi la mapigo matatu lichukue sekunde moja. Katika sehemu ya tatu ya Simfonia ya Tisa, iliyo ya polepole, kila pigo la mwanzo lichukue sekunde moja. Fungua rekodi, tazama mkono wa sekunde, uhesabu. Katika sehemu hiyo ya tatu ya Simfonia ya Tisa, Norrington hutumia takriban dakika 11, Karajan wa mwaka 1962 zaidi ya 16, na Furtwängler wa Bayreuth zaidi ya 19. Sikuambii kwamba wa dakika 11 ndiye mwenye haki, kwa kuwa hata mimi kuna siku hutamani zile 19. Ninachosema ni kwamba mwenye mwendo wa namna moja hapa kwa kawaida atakuwa nao katika seti nzima, na dakika tano za kusikiliza sehemu hii zitakueleza mengi kuliko maelezo ya jalada.

Hatua ya nne: Chunguza marudio na nota zilizobadilishwa

Urefu wa sehemu unaweza kukudanganya. Eroica ina alama ya kurudia ukurasa wa mada zake za mwanzo, na waongozaji wengi wa zamani waliiruka. Kwa hiyo rekodi mbili zinaweza kuandikwa dakika 15 kila moja, kumbe moja inakwenda kasi na kurudia, nyingine inakwenda taratibu na kuruka takriban dakika tatu za muziki. Sikiliza hadi dakika ya nne, usikie kama mwanzo unarudiwa, ndipo uhukumu.

Kisha nenda mwishoni mwa sehemu hiyohiyo, katika dakika yake ya mwisho. Tarumbeta zinaanza mada kuu kwa fahari, na katika nota za Beethoven zinaiacha katikati, zikibaki kugonga sauti za chini huku ala za mbao zikiimalizia mada kwa sauti isiyosikika vizuri. Tangu karne ya 19 waongozaji wengi wamezipa tarumbeta wimbo wote, wakidhani tarumbeta za zama zile zilimzuia mtunzi kuandika alichotaka.

Jaribio la pili liko katika sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano. Kabla dakika ya kwanza haijaisha, pembe zinapiga mwito mkali unaofungua mada ya pili. Baadaye, oboe ikishaimba peke yake kifungu kifupi na nusu dakika ikapita, mwito huo unarudi, lakini Beethoven ameuandikia basuni, yaani zumari kubwa za sauti nene, kwa sababu wapigaji wa pembe za wakati wake hawakuwa na muda wa kubadili ufunguo wa sauti. Wapo wanaozirudishia pembe kazi hiyo. Mimi napendelea basuni, ingawa zinachekesha kidogo. Lililo muhimu kwako ni kujua kama mwongozaji anafuata karatasi au anafuata dhana yake, kwani uamuzi wa hapa utaukuta mahali pengi pengine.

Hatua ya tano: Sikiliza ala na namna wapigaji walivyoketi

John Eliot Gardiner, ambaye seti yake ilitoka mwaka 1994, anatumia ala za namna ile aliyoijua Beethoven: nyuzi za utumbo wa mnyama, pembe zisizo na vali (vitufe vya kubadili sauti), ngoma za timpani zinazopigwa kwa vijiti vigumu. Nikolaus Harnoncourt, aliyerekodi mbele ya watu Graz mwaka 1990 na 1991 na Chamber Orchestra of Europe, alibaki na ala za kisasa isipokuwa tarumbeta. Riccardo Chailly alirekodi na okestra kubwa ya Gewandhaus ya Leipzig, iliyopiga simfonia zote tisa katika msimu wa 1825 hadi 1826 mtunzi akiwa hai, naye anaipeleka kwa kasi inayokaribia vipimo vya mwaka 1817.

Kujua fidla zimeketije, vaa hedifoni na usikilize mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfonia ya Tisa. Mada inaanzwa na fidla za pili, na fidla za kwanza zinaingia baadaye. Zikiwa zimetenganishwa, kama Otto Klemperer alivyopenda, utasikia mada ikianzia kulia na kufika kushoto. Zikiwa zimeketi pamoja, mchezo huo wote unapotea.

Hatua ya sita: Usiamue kabla ya kusikia ya Pili, ya Nne na ya Nane

Watu husema Beethoven wa namba witiri ni radi na wa namba shufwa ni mapumziko, na waongozaji wavivu huzipiga hizi tatu kama kwamba kweli ni mapumziko. Katika sehemu ya mwisho ya ya Nne kuna kifungu kifupi cha kasi cha basuni peke yake, kinachomtoa jasho kila mpigaji. Kikisikika wazi na kwa kucheka, okestra imejiandaa. Kikizama chini ya fidla au mwendo ukilegezwa ili mpigaji asihangaike, weka alama. Katika ya Nane tafuta ucheshi, hasa zile kelele za ghafla za sehemu ya mwisho, ambazo zinapaswa kumshtua hata anayezijua. Seti inayoshindwa hapa utaisikiliza nusu tu.

Hatua ya saba: Kwaya na waimbaji wa ya Tisa

Hapa nitakuwa mfupi. Besi anayefungua uimbaji asikike akisema na watu, na soprano za kwaya zidumu juu bila kupiga kelele. Seti ya Karajan ya mwaka 1963, yenye Gundula Janowitz na Walter Berry, bado ni ngumu kushindwa kwa waimbaji wa pekee. Kwa kwaya, Monteverdi Choir ya Gardiner.

Hatua ya nane: Hakikisha kifaa hakikatishi muziki

Katika Simfonia ya Tano, sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kusimama, na katika ya Sita sehemu tatu za mwisho zimeungana. Baadhi ya programu za simu huweka mwanya mdogo kati ya faili, na mwanya huo huua mahali penye mvuto kuliko pote. Tafuta katika mipangilio uwezo wa kucheza bila mwanya kabla hujailaumu rekodi. Seti nzima ni takriban saa sita, kwa hiyo mwenye bando dogo apakue kwanza hizo sehemu za majaribio tu.

Kwa anayeanza, ningemshauri Harnoncourt, na kama fedha ni chache, David Zinman na okestra ya Tonhalle ya Zürich, seti iliyouzwa kwa bei nafuu na inayotumia nota zilizosahihishwa na Jonathan Del Mar, ingawa wapigaji wake huongeza madoido yasiyoandikwa na si kila mtu atayavumilia. Ukitaka seti ya pili, ichague iliyo mbali na ya kwanza: mwenye Gardiner amtafute Klemperer, na mwenye Karajan amtafute Chailly.